Kauli ya Mwenye Mguu

Mtu akivua viatu mbele ya Mama Beseni, basi amevua na siri zake. Kabla hajakaa vizuri kwenye benchi, yule mama ameshajua anakanyagia wapi, kiatu alikinunua asubuhi au jioni, na kama nyumbani kuna mtu anayemjali au anajihangaikia mwenyewe. "Hizi soksi unazivaa au zinakuvaa?" humuuliza mtu mzima mwenye ndevu, na mtu mzima anainamisha kichwa kama mtoto aliyekutwa jikoni. Ana mdomo, hilo hata yeye halikatai. Lakini watu hawamwendei kwa ajili ya mdomo wake.

Kibanda chake kiko pale barabara ya lami inapomaliza tambarare na kuanza mlima wa mwisho. Mabati machache, benchi ndefu iliyopakwa rangi zamani, mafiga, sufuria kubwa nyeusi, na mabeseni ya plastiki yameegemezwa ukutani. Alfajiri wachukuzi wa maziwa hupita mbele yake wakishuka kwenda mjini, kila mmoja na madumu yake yamefungwa kwa mipira nyuma ya baiskeli, na hawasimami. Alasiri wanarudi na madumu matupu, jua limewapiga, mlima unawasubiri, na miguu inawaka. Hapo ndipo husimama.

Asiyewahi kuendesha baiskeli kutwa nzima hawezi kujua kuwaka huko ni nini. Si uchovu wa mapaja, huo unazoeleka. Ni moto unaoanzia chini ya kidole gumba, unaenea upana wa wayo, halafu vidole vinakufa ganzi mpaka mtu hajui kama kiatuni ana vidole au ana kokoto. Pedali ni chuma, soli imelika, na uzito wote wa mtu unatua mahali pale pale, padogo kama sarafu, tangu alfajiri. Wanaume na ndevu zao wameonekana wakishuka kwenye baiskeli na kutembea pekupeku juu ya majani ya kando ya barabara, viatu mkononi, machozi yanawalenga.

Mama Beseni alikuwa na dawa zake, na alizitoa huku akifoka. Kiatu kinunuliwe jioni, maana mguu wa asubuhi na mguu wa jioni ni watu wawili, huyu mwembamba na huyu mnene. Kamba zilegezwe kabla ya mlima, si baada ya kulia. Pedali ikae nyuma kidogo ya mzizi wa vidole, "wewe unakanyagia ncha kama unanyemelea kuku wa jirani." Soksi igeuzwe, ya ndani iwe nje, mshono usimle mtu vidole. Kwenye mteremko vidole vichezeshwe ndani ya kiatu, damu ipite. Na chini ya wayo kilazwe kipande cha ndara kuukuu kilichokatwa kwa kipimo, kazi aliyoifanya mwenyewe kwa kisu kikali, baada ya kumchora mtu unyayo wake kwa mkaa juu ya boksi. Halafu ndipo yalipokuja maji ya moto yenye chumvi, na mikono yake ikikanda.

Hapo kwenye maji palikuwa na sheria. Mikono ya Mama Beseni ilikuwa imepikwa na miaka ya kazi ile. Alitegua sufuria motoni bila kitambaa, na maji yaliyomrusha mwingine kwenye benchi yeye aliyaona vuguvugu. Zamani alikuwa akiyapima kwa mkono. Mmoja akalalamika ameunguzwa, mwingine akalalamika kapewa maji ya kumwogeshea mtoto, mpaka akachoka nao. "Mimi simo," akasema. "Mguu ni wako, kauli ni yako." Tangu siku hiyo mtu alitia mguu besenini na yeye akasimama na kopo mkononi. Ukisema ongeza, anaongeza. Ukisema tosha, anaacha. Hakuna lawama wala kesi. Sheria iliwafaa watu miaka na miaka, na hata mimi ningekuwa pale ningetunga hiyo hiyo, kwa hiyo msianze kumhukumu mapema.

Sasa huyu Breki. Breki alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, na jina alipewa kwa kinyume, kama mwenye upara anavyoitwa Nywele: mteremko mzima wa kwenda mjini aliushuka bila kugusa breki, madumu yamejaa, akiimba. Mama yao alifariki huyu hajaota meno. Dada mtu, naye bado ni msichana wa kutumwa dukani, akambeba mgongoni, akamtafunia chakula, akamwogesha. Baadaye aliolewa, akaachika, na ukimuuliza sababu atakwambia yule bwana alimtaka yeye lakini hakuutaka mzigo wake wa mgongoni. Hakujaliwa mtoto. Kwa hiyo Breki alikuwa mdogo wake na mwanawe, vyote viwili, na walipogombana, na waligombana kila siku ya Mungu, waligombana kwa namna zote mbili.

Ilianza kwa miguu ya Breki kuwaka kuliko ya wenzake. Wenzake walikandwa wakapoa. Yeye alikandwa, akapanda mlima, akafika kwake, na bado.

"Dada, mpaka kitandani inawaka," alimwambia siku moja, wenzake wakiwa wameshaondoka. "Mke wangu ananicheka, nalala miguu iko nje ya shuka."

Tena alikuwa amekonda. Kila aliposimama aliomba maji ya kunywa, na kila kichaka cha barabara ile alikijua kwa haja ndogo. Kengele, mchukuzi mwenzake aliyeitwa hivyo kwa sababu hanyamazi, akatangaza mbele ya benchi nzima kwamba tangi la Breki limetoboka. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mama Beseni naye alicheka, na leo hii kicheko kile kinamkera kuliko mengi aliyoyafanya maishani.

Maana alichofanya yeye ni kupigana na viatu. Ukiwa na nyundo, kila kitu ni msumari. Yeye alikuwa na ndara na kisu. Akamtafutia mdogo wake viatu vipana zaidi. Akamlazia soli ya ndara juu ya nyingine. Akamwambia ashushe kiti, akamwambia akipandishe, akamfungia kibao juu ya pedali ili uzito usambae. Breki alikuwa mbishi kwa kila mtu, lakini kwa miguu yake alimtii dada yake kama kondoo. Na majira yalipogeuka, moto ukazimika.

"Dada, umeniponya," akasema, na akavua viatu hadharani kama anayefunua zawadi. "Haiwaki, haiumi, haina habari na mimi."

Mama Beseni alifurahi, nani asingefurahi? Alimshika mdogo wake mguu, akauinua ili benchi nzima ione. "Utazameni," akawaambia. "Huu ndio mguu wa mtu anayefuata anachoambiwa. Ninyi endeleeni na ubishi wenu." Kwa siku nyingi baada ya hapo alikuwa akitembea na tabasamu, na hata mdomo wake ulipoa kidogo, watu wakaanza kuulizana kama anaumwa.

Basi Breki akawa jogoo wa benchi. Wale wachukuzi walikuwa na mchezo wao wa kipuuzi, wa kushindana nani atavumilia maji ya moto zaidi, na aliyeshindwa anamwoshea mwenzake madumu. Zamani Breki alikuwa wa kati tu. Sasa hakuna aliyemfikia. Kengele alikuwa akikodoa macho, anahema kama anayejifungua, halafu anachomoa mguu kwa kelele. Breki amekaa anatafuna karanga. "Ongeza, dada," anasema, bila hata kutazama chini. Wenzake wakaanza kumheshimu. Walisema miguu yake imekomaa, kwamba barabara ikishakukubali haikuumizi tena, na wale wapya katika kazi wakaomba Mungu na wao wafike huko.

Siku yenyewe ilikuwa ya rasharasha na baridi ya kuingia mifupani. Wachukuzi walifika wameloa, meno yanagongana, wakajibana kwenye benchi na kila mmoja anataka awe wa kwanza. Mama Beseni alikuwa amekoka moto mkubwa kwa kuwa aliwaonea huruma. Maji yalikuwa yakitokota, kifuniko kinacheza. Breki akavuta beseni lake, na kwa kuwa lilikuwa dogo, mguu wa kulia akauzamisha na wa kushoto akauegemeza ukingoni.

"Ongeza."

Akaongeza. Kengele, pembeni, akasema leo yeye hashindani na mtu, anataka kupata joto tu aende kwa watoto wake.

"Ongeza, dada. Au kuni umeweka akiba?"

Akatia kopo jingine, moja kwa moja kutoka kwenye sufuria. Mvuke ukapanda ukamfunika Breki uso. Alikuwa akiwasimulia wenzake jinsi karani wa kiwanda cha maziwa kule mjini alivyomwaga maziwa kwenye suruali yake mwenyewe, na hadithi ilikuwa nzuri, watu walikuwa wakicheka. Mama Beseni pia alikuwa akicheka. Alisikia "ongeza" ya tatu katikati ya kicheko, na akamimina.

Hadithi ilipokwisha akapiga goti na taulo, kama ilivyo kawaida yake, akautoa mguu majini na kuuweka pajani. Akaupangusa mara moja. Ngozi ya juu ya mguu ikafuata taulo, ikajikunja kama utando wa maziwa unapouondoa kwa kijiko. Chini yake palikuwa pekundu. Benchi nzima ikainama kutazama, mmoja baada ya mwingine, na Breki akawa wa mwisho kutazama chini.

"Nini hicho?" akauliza. Aliuliza kama mtu anayeuliza habari ya kitu kilichoanguka barabarani, cha mwenyewe asiyejulikana.

Kule zahanati walimkuta muuguzi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya taratibu. Alisafisha, akafunga, halafu akamtoa Breki tone la damu kidoleni na kukisoma kipimo chake. Akamwambia ageuze uso dirishani, akachukua kijiti chembamba.

"Ukisikia nimekugusa, niambie."

Breki akasubiri kwa adabu. Muuguzi akamgusa chini ya vidole vya mguu wa kulia, akamgusa kisigino, akabonyeza, mwisho akadunga. Mama Beseni aliyekuwa amesimama mlangoni aliona yote.

"Mimi niko tayari, dada muuguzi," Breki akasema. "Anza tu."

Mguu wa kushoto alisikia, japokuwa kwa kuchelewa, kama mtu anayeitikia kutoka chumba cha nyuma. Muuguzi akawaeleza kwamba ni kisukari, na kwamba hakikuanza jana. Kule kuwaka mpaka kitandani ndiko kulikokuwa kupiga hodi. Mishipa ya fahamu ilikuwa ikifa, na ilipokwisha kufa ndipo moto ukazimika. Hakukuwa na kupona pale. Alisema pia, bila ukali, kwamba mguu ule sasa hautamwambia tena ukiumia, itabidi autazame kwa macho kila siku, juu na chini. Dawa asiache. Na kwa sasa asivae kiatu, asikanyage, asiguse baiskeli mpaka kidonda kifunge. Akitulia, mguu utabaki. Asipotulia, yeye hataki kumdanganya.

Mama Beseni alitoka pale nje. Aliwaza soli zile zote za ndara, vibao, kiti kushuka na kupanda, na lile tabasamu alilotembea nalo. Alikuwa amesherehekea mguu kufa. Aliona aibu, na hakuwa na wa kumwambia.

Mke wa Breki alikuwa mwanamke mpole, na hilo ndilo lililofanya neno lake liwe zito. Mama Beseni alipofika kwao na chupa ya dawa na matambara safi, wifi yake alimpokea, akampa kiti, akampa maji ya kunywa. Walipobaki wawili jikoni akasema, "Wifi, sikulaumu. Lakini maji uliyachemsha wewe." Halafu akaendelea kuchambua mchele. Mama Beseni akaondoka na neno lile, na analo mpaka kesho.

Breki alitulia. Nasema alitulia, tena kwa muda ambao hakuna aliyeutarajia, mguu juu ya mto, akigombana na kuku wa uani. Kengele alijitolea kuchukua maziwa yake pamoja na ya kwake, na hakutaka shukrani. Tatizo halikuwa kidonda. Tatizo ni kwamba hakikuuma. Mtu anayeumwa jino ukimwambia akae ndani, anakaa. Jino lenyewe linamshikilia. Breki alikuwa kama aliyefungwa kwa kamba asiyoiona. Kila asubuhi aliamka mzima, ana nguvu, mguu hauna neno, na kila asubuhi alilazimika kuamini upya kwamba ni mgonjwa kwa sababu mwanamke mmoja wa zahanati alisema. Hebu jaribuni ninyi. Halafu akasikia kwamba wafugaji kule juu wameanza kumzoea Kengele, kwamba kuna mmoja aliyesema Kengele anawahi kuliko yeye.

Asubuhi moja Mama Beseni alikuwa akipuliza moto, akasikia wimbo unashuka. Akatoka mbio hadi katikati ya lami, kanga moja begani. Breki alikuwa anakuja na madumu yamejaa, mguu wa kulia umefungwa mfuko wa plastiki na kusokomezwa ndani ya buti kubwa la mvua. Dada mtu akapanua mikono. Kwa mara ya kwanza tangu apewe jina lile, Breki akashika breki, baiskeli ikayumba, akasimama.

"Shuka."

"Dada, niache nipite, maziwa yataharibika."

"Shuka nasema. Umesahau alichosema yule muuguzi?"

"Hauumi," Breki akasema. Hakuwa akibisha, alikuwa akimsihi, na macho yake yalikuwa ya kweli kabisa. "Naapa, dada, hauumi hata kidogo. Kama ungekuwa unauma si ningelala?"

Angejibu nini? Ungekuwa wewe ungejibu nini? Maisha yake yote alikuwa akiwauliza watu, inauma wapi, na kuwaamini. Mikono aliyokuwa ameipanua ikashuka, na mdogo wake akamzunguka taratibu kwa pembeni, akakanyaga, akashika mteremko mdogo wa mbele na kupotea.

Alienda siku hiyo, akaenda na nyingine. Mkewe ndiye aliyesikia harufu, kabla ya mtu yeyote kuona kitu. Walipolivua lile buti, ndani palikuwa na jiwe dogo la barabarani lililoingia sijui lini, limetoboa mfuko na kujichimbia kwenye kidonda, limekaa kama limejengewa. Vidole viwili vilikuwa vyeusi. Hospitali hawakubishana sana. Walianza kusema vidole, wakasema kifundo, mwisho wakakata chini ya goti.

Watu ni watu. Hawakusubiri hata bandeji zikauke, wakaanza: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Walisema sokoni, walisema kisimani, wakitikisa vichwa kwa raha. Nataka kuwauliza, mkuu gani? Yule mkuu wake aliyemlea, ambaye Breki alimtii toka utotoni, ndiye aliyeusifu mguu ukiwa umeshakufa, na ndiye aliyeshika kopo. Methali nzuri, lakini wakati mwingine mtu afunge mdomo.

Mama Beseni alifunga kibanda. Mvua ilinyesha ndani ya mafiga, mbuzi wakalala juu ya benchi. Wachukuzi wakawa wanapita hawasimami, wengine wanachechemea, mpaka Kengele akaenda kumgongea. Kwa mara ya kwanza alikuwa na maneno machache. "Mama," alisema, "sisi bado tuna miguu." Mama Beseni akarudi kibandani. Lakini ile sheria aliifuta. Sasa aliyapima maji kwa kiwiko, kama wanavyopima maji ya mtoto mchanga, na aliyesema ongeza alitazamwa mpaka akajutia. Tena kabla ya kumkanda mtu alimwambia ageuze uso, akamgusa vidole kwa njiti ya ufagio, na waliochelewa kujibu aliwafukuza kwenda zahanati, hana mzaha.

Kwa Breki kilichobaki kilikuwa mguu wa kushoto, na alikwisha panga maisha yake yote juu yake. Angepata mguu wa bandia; kule hospitali walimwambia inawezekana, alimradi huu mwingine uwe mzima wa kumbeba. Angeufunga ule wa bandia kwenye pedali kwa mpira, na huu wa kushoto ndio ungesukuma. Alishamwambia Kengele asiwazoee sana wafugaji wake. Na kila alipoulizwa, na muuguzi, na mkewe, na dada yake, alijibu haraka kwamba wa kushoto hauna shida. "Nasikia mpaka sisimizi akipita," alikuwa akisema. Muuguzi alipotaka kumpima kwa kijiti alisema ameshapimwa hospitali.

Alasiri moja Kengele alimleta kibandani, amekaa nyuma mahali pa madumu, magongo yamelazwa mapajani. Wenzake wakampisha katikati ya benchi. Walimtania, wakamwambia sasa viatu atanunua kwa nusu, na yeye akacheka kuliko wao. Halafu akavua kiatu na soksi, akanyoosha mguu.

"Na mimi, dada. Kama zamani."

"Wewe hapana."

"Mguu wenyewe mmoja, na huo nao unanyimwa?"

Benchi ikamwangalia Mama Beseni. Angemwambia ageuze uso, angechukua njiti ya ufagio kama kwa wengine; lakini mbele ya watu wote wale, na mdogo wake amecheka vile, hakuweza. Akachukua beseni, akapita nyuma ya jiko palipo na ndoo ya maji aliyoyateka alfajiri, yakashinda kivulini. Akamimina. Akatia chumvi, akakoroga, akaja akapiga goti. Breki alikuwa anatazama barabara. Lori lilikuwa linapanda, na nyuma yake mchukuzi mmoja ameshika mnyororo wa lori ili avutwe, na wenzake walikuwa wakimpigia miluzi. Akauweka mguu wa mdogo wake ndani ya maji, akauzamisha mpaka kifundoni, akaushika kwa mikono miwili.

Alisubiri. Alimwomba Mungu mdogo wake aruke, amtukane, amuulize kama amechanganyikiwa.

"Vipi?" akauliza.

"Aaah," Breki akasema, akajinyoosha na kufumba macho. "Tosha hapo hapo, dada, usiongeze. Leo umeyachemsha kweli."

Mama Beseni aliendelea kuukanda, kidole kwa kidole, jinsi alivyoukanda siku zote, na mikono yake ilikuwa imeanza kufa ganzi kwa baridi ya maji yale.